Sura ya Tano: Je, Kahawa Humdhuru Mnywaji?

Hakuna baraza la kahawa katika pwani yetu, tangu Lamu hata Kilwa, ambalo swali hili halijapata kuulizwa, na aghalabu huulizwa na mtu ambaye finjani imo mkononi mwake. Mmoja atasema kwamba tabibu amemkataza kahawa kwa ajili ya shinikizo la damu. Wa pili atajibu kuwa babu yake aliinywa kutwa mara saba na akafa mkongwe, akisoma msahafu bila ya miwani. Wa tatu, ambaye ndiyo kwanza aketi, atasema kuwa kahawa hukausha damu, huchoma tumbo na humnyima mtu usingizi. Na muuza kahawa, ambaye riziki yake imo katika jambo lile, atainamisha dele na kumjazia kila mmoja bila ya kutia neno. Nimeyasikia mabishano hayo miaka mingi, na nimeona kwamba kila mmoja wa wale watatu ana sehemu ya kweli na sehemu ya dhana. Ila hatari moja, iliyokuwa mbele ya macho yao wote ikifuka mvuke, sikupata kumsikia mtu akiitaja. Nitaifikia mwisho wa sura, maana haifahamiki vizuri kabla ya mengine kupambanuliwa.

Kesi ya zamani

Buni, yaani tunda la mkahawa na punje zilizomo ndani yake, asili yake ni nyanda za juu za Uhabeshi. Katika karne ya 15 masufi wa Yemeni walikuwa wakinywa kahawa ili wajizuilie usingizi wapate kukesha katika dhikiri, na kutoka Yemeni kinywaji kikapanda hata Makka. Huko, mwaka 1511, msimamizi wa masoko ya mji aitwaye Kha'ir Beg aliwaona watu wamekusanyika usiku karibu na msikiti wakipokezana kahawa. Akaingiwa na shaka, akawaita mafakihi na matabibu, akawauliza swali lile lile la barazani kwetu. Matabibu walishuhudia kuwa kahawa inadhuru mwili, basi ikapigwa marufuku, na buni ikachomwa moto. Walakini habari ilipofika Kairo kwa Sultani, amri iliyorudi ilikemea mikusanyiko, ila kinywaji chenyewe haikukiharamisha, na watu wa Makka wakarudia finjani zao.

Siwacheki matabibu wale. Walihukumu kwa elimu ya zama zao, iliyovigawa vyakula vyote katika moto na baridi, ukavu na umajimaji, na hawakuwa na mizani ya kupimia kitu kilichofichika ndani ya punje. Kitu hicho kilitolewa peke yake mara ya kwanza mwaka 1819 na kijana wa Kijerumani, Friedlieb Ferdinand Runge, baada ya Goethe, mshairi mkuu wa Wajerumani, kumpa punje za kahawa na kumtaka azichungue. Kilichopatikana kiliitwa kafeini. Si mara nyingi washairi wamewafaa matabibu kiasi hicho.

Kafeini ni kitu gani, na hufanya nini?

Kafeini ni chembechembe nyeupe, chungu, zisizo na harufu, ambazo mkahawa hujitengenezea kwa ajili ya kujikinga na wadudu waharibifu. Imo pia katika majani ya chai, katika kakao, na hutiwa kwa makusudi katika baadhi ya soda na vinywaji vya kuchangamsha. Buni nazo hazilingani: kahawa ya robusta, ambayo ndiyo iliyozoeleka Bukoba, ina kafeini karibu mara mbili ya arabika, ambayo ndiyo ya Kilimanjaro na Mbinga. Wahaya, ambao tangu zamani waliichemsha buni, wakaikausha na kumtafunisha mgeni kwa ukarimu, walikuwa wakimkirimu kwa ile iliyo kali zaidi.

Ili tufahamu kazi yake, yatupasa kwanza tujue usingizi huja vipi. Tangu saa mwanadamu afumbuapo macho asubuhi, ubongo wake hutoa taka ya kazi yake, na katika taka hiyo mna kitu kiitwacho adenosini. Kadiri mchana unavyosonga ndivyo adenosini inavyozidi kulimbikana. Nayo ina viti vyake maalumu katika ubongo, ambavyo wataalamu huviita vipokezi, na kila inapoketi katika kiti kimoja huupa mwili habari kwamba umechoka na wakati wa kupumzika umekaribia. Sasa kafeini, kwa umbo lake, inafanana na adenosini kiasi cha kutosha kuketi katika viti vile, lakini haifanani nayo kiasi cha kuutoa ule ujumbe wa uchovu. Ni mfano wa mgeni asiyealikwa, aliyewahi barazani akakalia kibao cha mwenyewe: hana hadithi ya kutoa, lakini maadamu amekaa pale, mwenyewe hana pa kukaa.

Hapo ndipo linapotoka kosa kubwa la wanywaji. Twasema kwamba kahawa hutia nguvu, ilhali nguvu haiongezi hata chembe. Hufanya uchovu usisikike, na uchovu upo pale pale mlangoni, unangoja. Mgeni aondokapo, adenosini yote iliyokuwa ikisubiri huingia kwa mkupuo, na dereva aliyekuwa macho kavu kutoka Segera hujikuta Chalinze kope zimemwelemea. Kadhalika mlevi anayenyweshwa kahawa halevuki. Hugeuka kuwa mlevi asiyesinzia, na pombe iliyomo katika damu yake haipungui kwa sababu hiyo.

*Kwa ufupi:* kafeini huzuia habari ya uchovu isifike, nao uchovu wenyewe haiuondoi.

Hesabu ya saa

Baada ya kunywewa, kafeini huingia katika damu karibu yote kwa muda usiozidi saa moja. Kuondoka kwake ndiko kunakochelewa. Kazi ya kuiondoa imewekwa juu ya ini, kwa msaada wa kimeng'enya, yaani kitu kilichomo mwilini kinachovunja vitu vingine, na kwa mtu mzima mwenye siha kazi hiyo huchukua kiasi cha saa tano kuimaliza nusu tu. Basi tufanye hesabu. Mtu aliyekunywa miligramu 200 saa kumi alasiri atakuwa bado ana miligramu 100 saa tatu usiku anapotandika kitanda, na miligramu 50, ambazo ni sawa na kikombe cha chai, saa nane za usiku, wakati ambapo hata mbwa wa mtaani wamelala. Watu waliopewa miligramu 400 saa sita kabla ya kwenda kulala walipopimwa, usingizi wao ulionekana umepungua kwa zaidi ya saa nzima.

Tena saa tano hizo si sawa kwa viumbe wote. Mvutaji sigara huiondoa kafeini upesi, karibu mara mbili ya mwenziwe; mwanamke anayetumia vidonge vya uzazi wa mpango huiondoa polepole; na mjamzito, katika miezi ya mwisho, nusu yake yaweza kumkalia hata saa 15. Kuna na wale ambao urithi wa wazazi wao umewapa kimeng'enya kivivu. Yule mzee wa barazani aliyeinywa mpaka usiku na bado akalala fofofo hakuwa mwongo, wala si mwongo jirani yake anayekesha kwa finjani moja ya alasiri. Kila mmoja alikuwa akieleza habari za ini lake.

Kichwa cha Ramadhani

Miaka mingi siku mbili za mwanzo wa Ramadhani zilinipata nikiwa nimefunga kitambaa kichwani tangu adhuhuri, nikidhani kuwa ni njaa, na nikistaajabu kwa nini njaa ile hutoweka siku ya tano au ya sita ingawa saumu ni ile ile. Haikuwa njaa. Mwili uliozoea kafeini kila siku huongeza vile viti tulivyovitaja, ili adenosini ipate pa kukaa, na mishipa ya damu ya kichwani, ambayo kafeini huibana, huzoea kubanwa. Kahawa ya asubuhi ikikatwa ghafla, mishipa hutanuka na kichwa huuma. Maumivu hayo huanza baina ya saa 12 na 24 baada ya finjani ya mwisho, huambatana na uzito wa mwili na hasira za bure, na huweza kudumu tangu siku mbili hata tisa.

Kwa hiyo anayetaka kuacha au kupunguza, na asikate kwa siku moja. Mnywaji wa finjani sita za mchana na aanze Shaabani, apunguze moja kila baada ya siku mbili tatu, na atakayobakia nayo aihamishie baada ya futari, si baada ya tarawehe, kwa sababu ya hesabu ile ya saa. Na amezaye kidonge cha maumivu na asome kwanza karatasi iliyomo katika pakiti, kwani viko vidonge ambavyo kila kimoja kina miligramu 65 za kafeini, iliyotiwa ili kuipa dawa makali zaidi. Mtu hudhani ameacha kahawa, kumbe ameihamisha kutoka kwenye finjani hata kwenye kidonge.

Kiasi gani ni kingi?

Mwaka 2015 Mamlaka ya Ulaya ya Usalama wa Chakula, baada ya kuzipitia tafiti nyingi, ilitoa kauli kwamba mtu mzima mwenye afya hapati madhara kwa miligramu 400 za kafeini kwa siku, mradi asizidishe 200 kwa mkupuo mmoja. Ili hesabu hiyo isiwe ya vitabuni tu, hivi ndivyo vipimo vya takriban:

- kikombe kikubwa cha kahawa iliyochujwa, mililita 240: miligramu 95;
- kikombe kama hicho cha kahawa ya kopo, ile inayokorogwa kwa maji ya moto: miligramu 60;
- kahawa nzito ya mashine ya Kitaliani, mililita 30: miligramu 60;
- kikombe cha chai ya rangi: miligramu 40 hadi 50;
- kahawa iliyoondolewa kafeini: aghalabu haifiki miligramu 10.

Msomaji atauliza, na finjani ya barazani je? Hiyo haina kipimo kimoja, kwa kuwa muuza kahawa mmoja huchanganya robusta na mwingine hachanganyi, mmoja huiacha dele juu ya makaa tangu alasiri hata isha na mwingine hupika kila saa. Udogo wake ni rehema. Hatari yake ni kwamba haihesabiwi, maana mazungumzo yakinoga finjani hujazwa pasi na mtu kujua ni ya ngapi. Dalili za kuzidisha ni mikono kutetemeka, moyo kwenda mbio, wasiwasi usio na sababu, na kiungulia. Kufa kwa kahawa ni karibu muhali, kwani kiasi kinachoua hukadiriwa kuwa gramu 10, ambazo ni vikombe zaidi ya mia; lakini kafeini safi ya unga, inayouzwa katika nchi za ng'ambo kwa wanamichezo, ni jambo jingine kabisa, maana kijiko kimoja cha chai kina gramu kadhaa, na wako waliokufa kwayo.

Mashtaka ya tumbo, moyo na damu

Kwamba kahawa husababisha vidonda vya tumbo ni dhana iliyoenea kuliko zote, na ndiyo iliyo dhaifu kuliko zote. Waaustralia wawili, Barry Marshall na Robin Warren, ndio waliobainisha kuwa aghalabu vidonda hivyo huletwa na bakteria, na kwa kazi hiyo wakapata Tuzo ya Nobel mwaka 2005. Sababu ya pili ni vidonge vya maumivu vinavyomezwa kwa israfu. Hata hivyo, kahawa huzidisha tindikali tumboni, na mwenye kidonda au kiungulia huhisi akiinywa. Asidhani basi kuwa kuacha kahawa peke yake kutamponya, bali aende akapimwe.

Kuhusu moyo, ni kweli kwamba finjani hupandisha shinikizo la damu kwa muda mfupi, hasa kwa asiyezoea. Kwa mzoefu taathira hiyo hufifia, na uchunguzi uliowafuata watu wengi kwa miaka mingi haukuona kwamba wanywaji wa kiasi hupatwa na maradhi ya moyo kuliko wasiokunywa. Mwenye shinikizo lililopanda sana na amsikilize tabibu wake, asimsikilize babu wa jirani.

Liko shtaka ambalo barazani halisemwi, nalo linawahusu watu wa pwani hasa. Buni ina mafuta yake, na katika mafuta hayo mna kitu kiitwacho kafestoli, ambacho huongeza lehemu, yaani yale mafuta ya damu ambayo matabibu huyaita kolesteroli. Wanorwe waligundua hivyo katika miaka ya 1980, kwa kuwa nao, kama sisi, walizoea kuichemsha kahawa na kuimimina bila ya kuichuja. Karatasi ya kuchujia huyazuia mafuta yale karibu yote. Dele halizuii chochote isipokuwa machicha yanayotua chini. Mtu ambaye lehemu yake imepimwa ikaonekana imepanda, na ambaye finjani zake ni nyingi, haimlazimu kuiacha kahawa, ila ingemfaa kuichuja.

Na yule aliyesema kahawa hukausha damu? Damu haikauki. Lakini kahawa, na chai zaidi yake, ina vitu vinavyoshikamana na madini ya chuma yaliyomo katika maharage na mchicha, na kuyazuia yasiingie mwilini, na chuma ndicho mwili unachoundia damu. Kwa mtu anayekula nyama na samaki kila siku si kitu. Kwa mwanamke mjamzito, au binti ambaye chakula chake ni ugali na maharage, na ambaye hushushia kwa kikombe cha chai, ni jambo kubwa. Saa moja ikipita baina ya chakula na kikombe, madhara hayo hupungua sana.

Manufaa yake

Wanywaji wa kahawa, walipolinganishwa na wasiokunywa, wameonekana kupatwa kwa uchache zaidi na kisukari cha ukubwani, na ini kusinyaa kwa makovu, na maradhi ya Parkinson, yanayotetemesha mikono na kukaza viungo. Jambo hili limerudi kuonekana katika nchi nyingi, wala si la kupuuzwa. Ila yatupasa insafu: kuonekana pamoja si kusababishana. Wenye miamvuli huonekana wengi siku za mvua, na hakuna aliyesema mwamvuli huleta mvua. Huenda mgonjwa huacha kahawa kwa sababu ya ugonjwa, kisha tukadhani kahawa ndiyo iliyomkinga mzima. Fauka ya hayo, kinga ile ya kisukari imeonekana hata kwa wanywaji wa kahawa iliyoondolewa kafeini, na hiyo ni dalili kwamba katika buni mna mengi mengine yafanyayo kazi. Kwangu mimi hukumu ni hii: anywaye na aendelee kwa amani, na asiyekunywa asianze kwa tamaa ya dawa. Wala kinga ya kisukari isitafutwe katika kikombe kilichotiwa vijiko vitatu vya sukari; wazee waliopenda kahawa chungu, kashata pembeni kipande kidogo tu, walikuwa na busara wasiyoijua.

Pana mahali pamoja ambapo kafeini ni dawa bila ya shaka yoyote. Watoto njiti, waliozaliwa kabla ya wakati, mara nyingi husahau kuvuta pumzi, kwa kuwa ubongo wao haujakomaa. Nao hupewa kafeini kwa kipimo cha hospitali, ikawakumbusha kupumua. Imo katika orodha ya dawa muhimu za Shirika la Afya Duniani.

Wenye kupaswa kujihadhari

Wa kwanza ni mjamzito, kwani kafeini hupita katika kondo ikamfikia mtoto, ambaye hana kimeng'enya cha kuiondoa. Mamlaka ya Ulaya imemwekea miligramu 200 kwa siku. Shirika la Afya Duniani humshauri anayezidisha 300 apunguze, ili kuepusha mimba kuharibika na mtoto kuzaliwa na uzito mdogo. Ajumlishe chai na soda katika hesabu hiyo. Wengine ni watoto, wenye maradhi ya wasiwasi, wasiopata usingizi, na wanaotumia baadhi ya dawa: aminofilini ya pumu ni nduguye kafeini, siprofloksasini huichelewesha mwilini, na dawa ya tezi ya shingo haisharabiwi vyema ikimezwa kwa kahawa.

Mvuke wa finjani

Mwaka 1991 taasisi ya Shirika la Afya Duniani inayochunguza saratani, iliyoko Lyon, Ufaransa, iliiweka kahawa katika orodha ya vitu vinavyoshukiwa kuleta saratani ya kibofu. Mwaka 2016, baada ya miaka 25, ilizipitia dalili upya, ikaitoa kahawa katika orodha hiyo. Na mwaka huo huo ikaingiza kitu kingine mahali pazito zaidi: kinywaji chochote, kiwe kahawa, chai au maji matupu, kinachonywewa kikiwa na moto uliopita nyuzi 65. Hicho, ilisema, huenda huleta saratani ya umio, yaani mrija ushushao chakula kutoka kooni hata tumboni, kwa kuuchoma na kuuchoma tena katika mahali pale pale.

Basi utazame ramani. Saratani ya umio imeshamiri katika ukanda unaoanzia Uhabeshi, ukapita Kenya na Tanzania, ukashuka Malawi hata Afrika ya Kusini. Moto wa vinywaji si sababu pekee, kwani pombe na tumbaku zimo. Lakini chai ya wakazi wa Kilimanjaro ilipopimwa wakati wa kunywewa, ilionekana huanza kunywewa ikiwa imepita nyuzi 70. Na kahawa ya barazani hukaa juu ya makaa mpaka dakika ya kumiminwa, finjani ni ndogo, na mnywaji huivuta kwa mlio pamoja na hewa kwa sababu hawezi kuivuta vingine. Mtu akiletewa iliyopoa hununa, humrudishia muuzaji, humwambia kwamba amemletea maji ya kunawia.

Sikuombi, ndugu msomaji, uiache kahawa, wala mimi sijaiacha. Nakuomba dakika chache tu: finjani ikijazwa mbele yako, iweke juu ya jiwe la baraza, umalize kwanza hadithi uliyokuwa ukiisimulia.